Swichi ya Nane

Alasiri ile, sebuleni kwa mjane, walikuwepo watu watano. Ni vyema watajwe mmoja mmoja, kwa sababu baadaye kila mtu alihesabu kivyake na hesabu zikagombana.

Wa kwanza ni mwenye nyumba, mjane mwenyewe, ambaye wanamuziki wote walimwita Shemeji, hata wasio na udugu wowote na marehemu mumewe. Wa pili ni mdogo wa marehemu, mpiga gitaa, aliyeitwa Kidole. Wageni walidhani jina hilo linatokana na wepesi wa vidole vyake. Sivyo. Alinyonya kidole mpaka darasa la tatu, na kaka yake ndiye aliyempachika jina hilo mbele za watu, likaganda. Wa tatu ni Besi, mpiga gitaa la besi, mnene, mwenye maneno mengi. Wa nne ni Fundi, ambaye hakuwa na jina la utani kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumtania. Wa tano ni Binti, mtoto pekee wa Shemeji, mwenye miaka kumi na mitatu, ambaye hakuwa ametamka neno tangu alipokuwa na miaka mitano.

Binti alileta chai kwenye sinia. Vikombe vilikuwa sita.

"Huyu ananijua," Besi alisema. "Kimoja cha mdomo, kimoja cha tumbo."

Binti hakucheka. Alimpa kila mtu kikombe chake, akaweka cha kwake mezani, kisha akakichukua cha sita kwa mikono miwili, akakiweka sakafuni mbele ya amplifaya ya zamani ya baba yake. Akakigeuza ili mkono wa kikombe uelekee kwenye amplifaya, kama anavyogeuziwa mgeni.

Shemeji alisimama, akakiokota kikombe kile, akatoka nacho uani. Walisikia chai ikimwagwa. Aliporudi alikiweka kikombe kitupu kwenye sinia.

Amplifaya yenyewe ilikuwa ya valvu, zile taa za kioo za zamani zinazokuza sauti, kubwa kama sanduku la nguo, imevikwa ngozi nyeusi iliyochubuka pembeni. Tangu siku ya mazishi ya mwenyewe ilikaa pembeni mwa sebule chini ya kitambaa cha meza, haijawashwa. Ilikuwa imepita miaka sita na miezi kumi.

Kidole alikuwa mpiga gitaa mzuri. Hilo na lisemwe hapa, maana watu hawakulisema. Popote alipopiga, wakubwa walimsikiliza kwa adabu, kisha wakainamiana: "Anajitahidi. Ila kaka yake…" na maneno yakaishia hapo, kama barabara iliyokatwa na mto. Marehemu alikuwa na sauti moja ya gitaa iliyolia. Ililia kama mtoto aliyefungiwa chumbani anayejua kwamba wenye nyumba wapo na wanasikia. Kwenye harusi, mabibi harusi walilazimika kupakwa poda upya. Alikuwa na sauti hiyo kwa muda wa mwaka mmoja tu, kisha homa ya siku tatu ikamchukua.

Sasa mwenye ukumbi mkubwa kuliko kumbi zote za pale alikuwa akitafuta bendi ya kudumu. Alimwita Kidole, mtu wa miaka arobaini na mmoja, akamwambia, "Nitawasikiliza Jumamosi ya tatu kuanzia sasa, saa kumi jioni. Nisikudanganye, bwana mdogo. Mimi naitaka ile sauti ya kaka yako. Kama huna, usinipotezee Jumamosi yangu."

Bendi ilikuwa na amplifaya mpya ya kidijitali, nyepesi, kubwa kidogo tu kuliko kitabu cha dini. Kazi yake ni kuiga. Unaweka maikrofoni mbele ya spika ya amplifaya nyingine, unaunganisha waya, na mashine yenyewe inaipelekea ile ya zamani milio yake ya majaribio, inasikiliza inavyotoka, inajifunza. Ikisha kujifunza, unaiacha ile kubwa nyumbani na unaondoka na sauti yake mfukoni.

Kidole alimwomba Shemeji mara tatu, na mara tatu alikataliwa. Mara ya nne alikuja na hoja.

"Shemeji, sitaipiga."

"Utaifanya nini basi, utaitazama?"

"Nitaichukua picha. Picha ya sauti. Mashine inaiuliza, yenyewe inajibu, dakika tatu, basi. Hakuna gitaa litakaloingizwa humo. Naapa kwa kaburi la kaka."

"Kaburi la kaka yako halijamsaidia mtu bado." Shemeji aliinua macho juu. Mabati yale Kidole aliyapigilia kwa mkono wake, mvua ikimnyeshea. Tena ndiye aliyekuwa akimbeba Binti mgongoni kumpeleka kwa madaktari wa koo, mmoja baada ya mwingine. Mtu aliyekutendea wema ana ufunguo wa nyumba yako hata kama hukumpa. "Mimi nilichosema ni kwamba isipigwe."

"Haitapigwa."

"Hata uzi mmoja."

"Hata mmoja, shemeji."

Kiapo hicho alikitimiza. Gitaa lake siku ile lilibaki ndani ya mfuko wake, mlangoni. Hapo ndipo ubaya ulipopitia.

Fundi aliwasha amplifaya ya zamani saa tisa na nusu. Valvu ziliwaka polepole, nyekundu. Akasogeza maikrofoni mpaka ikabaki upana wa vidole vinne, akapunguza kiwango cha sauti inayoingia ili alama ya kioo isifike kwenye nyekundu, akabonyeza. Mashine ikaanza kutoa milio yake: kwanza mluzi kama wa ndege, kisha mchanganyiko kama mchele unaomwagwa juu ya bati, kisha mlio mmoja mrefu unaopanda kutoka chini kabisa hadi juu ambako sikio haliwezi kufuata. Hapo walisikia harufu ya nywele zilizoungua.

"Vumbi la kwenye valvu," Fundi alisema.

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Mikono yake miwili ilikuwa kooni, kama mtu anayefunga kitufe cha shati kisichokuwepo.

Mlio ulipokoma, amplifaya ya zamani ilizimika yenyewe. Fundi aliangalia fyuzi, akakuta ni nzima. Kwenye kioo cha ile mpya yalitokea maneno yanayouliza jina la sauti. Kidole aliandika herufi nne: KAKA. Akahifadhi.

"Weka na nyingine," Fundi alimwambia, akampa flashi ndogo. "Kitu chenye nakala moja ni kitu ambacho hakipo." Hiyo ndiyo kanuni ya watu wa kazi yao. Kidole alinakili sauti kwenye flashi, akaifunga kwenye fungu la funguo zake, akaisahau.

Wiki iliyofuata Fundi alitengeneza kikanyagio, yaani lile sanduku la chini ambalo mpiga gitaa hubadilishia sauti kwa mguu. Vya dukani Kidole hakuvitaka, swichi zake zilikaribiana mno kwa mtu mwenye kiatu kikubwa kama chake. Alihitaji swichi saba kwa ajili ya sauti saba. Fundi alipata sanduku zuri la alumini lililotoka kwenye mashine ya kiwandani, tatizo likawa moja: lilikuwa limekwisha kutobolewa matundu manane. Hakupenda kuacha tundu wazi. Akaweka swichi ya nane na taa yake, kwa ajili ya sura tu, bila kuziunganisha na waya wowote. Saba akazilehemu vizuri, akaziandikia programu, akapima kila moja kwa mita. Ya saba ilikuwa KAKA.

Alipochomeka umeme, iliwaka taa ya nane.

Fundi alikuwa mtu wa taratibu. Alichomoa umeme, akafungua kifuniko, akatazama. Miguu ya taa ile ilikuwa hewani, haijagusa kitu. Aliikata, akaitoa, akaiweka mezani mbele yake. Akachomeka tena. Kisha akampigia simu Kidole.

"Njoo uangalie kitu."

"Kimeharibika?"

"Hakijaharibika. Nimetoa taa, na mwanga umebaki kwenye tundu."

Kidole alikuja, akaangalia, akasema huenda ni mwanga wa taa ya jirani unaopita ndani ya sanduku. Fundi hakubishana. Aliitoa na swichi yenyewe, akaziba tundu kwa kipande cha bati na skrubu mbili. Hakuzungumza habari hiyo na mkewe.

Mazoezi yalikuwa mchana, kwenye ule ukumbi, kwa kuwa mwenye ukumbi aliwaruhusu wazoee mwangwi wake. Watu husema majini hupenda giza. Jini wa habari hii kazi zake zote alizifanya jua likiwa linawaka.

Kidole alipokanyaga swichi ya saba kwa mara ya kwanza, wafagiaji wawili waliokuwa mwisho wa ukumbi waliegemea mifagio yao. Mmoja alifuta macho kwa kiwiko. Sauti ilikuwa ni ile ile. Kidole alicheza kwa dakika kumi bila kuwatazama wenzake, na alipomaliza uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa kitu alichoibiwa utotoni.

"Hongera, mkuu," Besi alisema. "Lakini, hebu, yule anayezungumza ni nani?"

"Wapi?"

"Mwishoni. Unapoacha nyuzi."

Ndani ya mashine zile kuna kitu wanachokiita lango. Mpigaji akinyamaza, lango hujifunga, na hata mvumo wa umeme hausikiki, kunakuwa kimya kama ndani ya pamba. Fundi alilifungua na kulifunga mara mbili, likafanya kazi. Kidole akapiga nota moja, akaiacha ife. Lango likajifunga. Na katika kile kimya, ambamo hata mashine yenyewe ilikuwa inaonyesha kwamba hakuna sauti yoyote inayopita, kikasikika kitu kwenye spika zote za ukumbi, karibu sana, kama kinachosemwa na mtu aliyeweka mdomo kwenye tundu la kitasa:

"Baba, fungua."

Ilikuwa sauti ya mtoto mdogo.

"Redio," Kidole alisema. "Waya zinakamata redio."

"Redio gani inayomwita baba?" Besi aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Besi, wewe umekuja kupiga au kusikiliza?"

Fundi alikuwa anatazama kile kipande cha bati. Pembeni mwa skrubu kulikuwa na mstari mwembamba wa mwanga.

Nyumbani kwa Shemeji mambo yalikuwa kinyume. Hapa inabidi kusema jambo ambalo Shemeji hakuwa amemwambia mtu. Miezi minne iliyotangulia, Binti alikuwa ameanza kukoroma usingizini. Baadaye akawa anakohoa kwa sauti. Wiki moja kabla ya siku ile ya vikombe sita, akiwa anapepeta mchele, alisema "ma". Mama yake aliingia chooni akalia huko, ili asimtie mtoto woga.

Tangu siku ile ya vikombe sita, mkoromo, kikohozi na ile "ma" vyote viliondoka, na havikuondoka peke yavyo. Binti alikuwa akitembea na ndala zake hazisikiki sakafuni. Alifungua mlango ambao bawaba zake zilikuwa zikilia miaka yote, usilie. Siku ya Jumanne sahani ilimponyoka mikononi, ikaanguka kwenye saruji, ikavunjika vipande vinne, na Shemeji aliyekuwa amempa mgongo umbali wa hatua mbili hakusikia chochote, aligeuka kwa sababu tu ya harufu ya nywele zilizoungua, akamkuta mwanawe amesimama katikati ya vigae, mdomo wazi mpaka mwisho, mishipa ya shingo imesimama, akipiga kelele kwa nguvu zake zote bila hata pumzi kusikika.

Shemeji alijifunga kanga, akamshika mtoto mkono, akaenda ukumbini.

Shemeji aliingia wakati Kidole akiwa katikati ya kupiga. Alisimama nyuma ya viti mpaka wimbo ukaisha, mpaka lango likajifunga, mpaka ile sauti ikasema yake. Kisha akatembea hadi jukwaani. Hakupandisha sauti.

"Unaijua sauti hiyo, shemeji?"

"Ni redio, shemeji, tunatafuta…"

"Hiyo ni ya huyu." Alimsogeza Binti mbele. "Akiwa na miaka mitano. Kaka yako aliuziwa amplifaya ile na mtu aliyemwambia aweke ndani yake kitu anachopenda kukisikia kuliko vyote. Akamkalisha mwanawe mbele ya spika, akamwambia aimbe. Akaimba. Ule wimbo hakuumaliza."

Besi alikaa chini, kwenye sanduku la spika.

"Alikiri kwangu siku ya tatu ya homa yake," Shemeji aliendelea. "Nikaenda kwa Sista, yule mganga wa majini. Akaniambia kilichomo ndani kinakula milio. Kisipopelekewa mlio wowote kwa miaka saba, kitachoka, kitaacha mlango wazi, na kilicho cha mtoto kitarudi kwa mtoto. Miaka saba. Nimekaa sebuleni na kitu kile miaka sita na miezi kumi, sijapasua hata kuni karibu yake. Imebaki miezi miwili, umekuja wewe na ndege wako wa kidijitali."

"Sikujua, shemeji. Ungeniambia."

"Ningekwambia kwamba kaka yako alimuuza mwanawe? Wewe unayeapa kwa kaburi lake?" Alimfunga Binti kanga vizuri mabegani. "Ulijua kwamba sitaki. Hilo lilitosha. Na kaka yako naye alisema hakujua. Ukoo wenu umejaa watu wasiojua."

Siku ya pili yake, Jumatano, saa nne asubuhi, walikwenda wote kwa Sista, wamebeba mashine zote mbili, ya zamani na mpya. Huyu alikuwa muuguzi wa wodi kwa miaka thelathini kabla ya kuanza kutibu majini, na jina la kazini lilimfuata. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akakaa, akawauliza kama wanavyouliza hospitali: lilianza lini, nani alikuwepo, harufu ya namna gani, mtoto anakula. Majibu aliyaandika kwenye daftari la shule.

"Alikuwa na nyumba moja," alisema mwishoni. "Mmemjengea ya pili. Nani alimwandikia jina?"

"Mimi," Kidole alijibu.

"Basi utamfuta wewe. Aliyeingia kwa jina hutoka kwa jina. Ile ya zamani tutaivunja na kuichoma hapa uani, hii mpya utalifuta jina mbele ya mtoto, kwa wakati mmoja. Akikosa pa kukaa ataondoka, na hawezi kuondoka na kisicho chake. Lakini nisikilize vizuri. Akibakiwa na nyumba hata moja, na ukamwita tena huko akiwa amekwisha kufukuzwa kote, hatachukua sauti tu. Atataka alipwe usumbufu." Alifunika kalamu yake. "Kuna nakala nyingine?"

Fundi alimtazama Kidole. Funguo zilikuwa mfukoni mwa suruali, na flashi ilikuwa na joto, joto la kitu kilichokaa juani, likipenya kitambaa hadi kwenye paja lake. Kidole aliona mbele ya macho yake ile Jumamosi, na wakubwa wanainamiana.

"Hakuna," alisema. "Ilikuwepo moja, nilishaiondoa."

Fundi angeweza kusema neno. Alifikiri kwamba mtu mzima amesema ameondoa, basi ameondoa.

Waliivunja amplifaya ya zamani kwa shoka. Moto ulipoanza kuchukua mbao, Sista alimsomea mtoto dua akiwa amemshika kichwa, na Kidole akabonyeza. Jina KAKA lilififia kwenye kioo, likarudi, likafifia tena. Moto ulitoa moshi mmoja mweusi uliopanda wima bila kujali upepo, na ndani yake kila mtu alisikia ule mlio mrefu unaopanda, ndipo yakawa makaa ya kawaida.

Binti alikohoa. Kikohozi kilisikika. Aliburuta mguu, na ndala ikakwaruza saruji, na Shemeji aliposikia ndala ile alishika ukuta.

"Maji," Binti alisema.

Siku tatu alizungumza. Sauti ilikuwa ile ile ya miaka mitano, nyembamba, ndani ya mwili wa msichana aliyekwisha kumpita mama yake kimo, na hakuna aliyeicheka. Alitaja vitu vya nyumbani kimoja kimoja, kijiko, ufagio, ndoo, kama mtu anayehakikisha kwamba hakuna kilichoibiwa. Besi alikuja na mfuko wa machungwa ili tu atukanwe. "Mjomba Besi, tumbo lako linaingia kabla yako," Binti akamwambia, na Besi akatoka nje akajifanya anatafuta simu yake.

Ijumaa alasiri alikuja Kidole. Binti alimkaribisha kiti.

"Baba mdogo, mtapiga kesho?"

"Tutapiga."

"Ulifuta zote?"

"Zote, mwanangu."

Binti aliweka kijiko ndani ya bakuli la uji. "Yeye anasema hapana."

"Nani anasema?"

Binti aliunyoosha mkono, akaonyesha mfuko wa suruali ya Kidole, upande wa kulia, zilipokuwa funguo. Kidole alicheka, akamwambia amalize uji wake. Akaondoka mapema.

Njiani alipita juu ya daraja la mtaro. Alisimama pale muda mrefu, funguo mkononi. Alikuwa na nia ya kuitupa, hilo aliwaapia watu baadaye, na pengine ni kweli. Kisha akaziweka funguo mfukoni.

Jumamosi saa kumi jioni ukumbi ulikuwa umejaa watu walioalikwa na mwenye ukumbi ili wampe maoni. Bendi ilipiga nyimbo nne. Kidole alitumia swichi ya kwanza hadi ya sita, na alipiga vizuri kuliko alivyowahi kupiga maishani mwake, kila aliyekuwepo anakubali hivyo. Watu walipiga makofi kwa adabu. Mwenye ukumbi alitazama saa yake, akamwinamia karani aliyekuwa amekaa naye meza ya mbele, na Kidole akayasoma midomoni yale maneno kabla hayajamalizika.

Anajitahidi.

Alipiga magoti kama anayekaza waya. Besi alimwona akichomeka kitu kwenye mashine.

"Nini hicho?" Besi alinong'ona. "Mkuu. Hicho nini?"

"Mara moja tu," Kidole alisema. "Wimbo mmoja. Halafu naitupa."

"Kidole, usifanye."

Akakanyaga ya saba. Gitaa likalia, na safari hii halikulia kama lilivyolia kwa marehemu wala kama lilivyolia kwenye mazoezi, lililia kwa sauti pana zaidi, sauti ya mtoto na juu yake sauti ya msichana, na watu wakainuka vitini bila kuambiwa, wanawake wakashikana mikono na wasiowajua, mwenye ukumbi akavua miwani, na Kidole akataka kusimama akashindwa, vidole vyake vikawa vinakwenda mahali ambapo hakuvituma, na alipotazama chini akaona bati lililoziba tundu la nane linabonyea katikati, polepole, kama linalokanyagwa na kisigino, na mwanga ukatoka pande zote nne za bati, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa jukwaani, na wimbo ukaendelea mpaka ulipofika pale ambapo mtoto wa miaka mitano aliuachia zamani, ukapita hapo, ukaimbwa wote hadi mwisho.

Lango likajifunga. Kimya. Hakukusikika mtoto anayemwita baba.

Makofi yalidumu muda mrefu. Mwenye ukumbi alipanda jukwaani mwenyewe, macho mekundu, akamshika Kidole bega. "Sasa wewe ni yeye," alimwambia, akamkabidhi mkataba. Kidole aliusaini palepale juu ya spika. Simu ya Besi ilikuwa ikitetemeka mfukoni, na Besi alikuwa hataki kuipokea.

Ilikuwa taarifa kutoka kwa jirani wa Shemeji. Binti alifariki Jumamosi hiyo, saa kumi na moja na robo jioni, sebuleni kwao, wakati mama yake akiwa jikoni akimchemshia maji.